Maswali Yenu: Mashine ya Ami

*Shikamooni mafundi. Ami ameniachia mashine ya boti ya HP 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, tuliyokuwa tukitoka nayo Jumapili kurambaza nguru, yaani kuwavua kwa kuvuta chambo nyuma ya boti. Imekaa stoo miaka 4. Kamba inavutika, lakini kwa uzito. Nianzie wapi? – Msomaji, Tanga*

Marahaba. Kwanza iache hiyo kamba. Mashine iliyokauka ukiilazimisha, pete za pistoni huchuna silinda. Toa plagi zote mbili, tia oili kijiko kimoja cha chai kila tundu, ilale hadi kesho, kisha vuta polepole plagi zikiwa bado nje. Ikigoma kabisa, mpelekee fundi.

Petroli ya zamani mwaga yote. Iliyobaki ndani ya kabureta imeshageuka gundi ya kahawia, kwa hiyo fungua kabureta uioshe kwa petroli mpya. Jeti, vile vipande vyenye vitundu vya kupitishia petroli, zipulize kwa upepo. Tundu likiwa bado limeziba, lipitishie kipande cha mshipi wa nailoni, si waya. Jeti ni ya shaba nyeupe, laini. Waya huipanua, na mashine ikishazoea kunywa petroli haiachi.

Impela ya pampu ya maji, kile kipangaboi kinachosukuma maji ya kupoza, usipoteze muda kuikagua, nunua nyingine. Mabawa yake ya mpira yamekaa yamepinda upande mmoja miaka yote hiyo, hayanyooki tena. Ukishateremsha mguu wa chini kuibadilisha, angalia na oili ya gia: fungua skrubu ya chini, halafu ya juu. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na sili, ile ya kuzuia maji, imekufa. Oili mpya hujazwa kutokea tundu la chini mpaka ichungulie tundu la juu. Ukijazia juu, hewa hubaki ndani.

Mchanganyiko, kwa mashine nyingi za aina hii, ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli. Soma kwanza kibandiko cha mashine yako. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama TC-W3. Ya pikipiki ni rahisi kupatikana, tunajua, lakini huacha majivu kwenye plagi na pistoni.

Jaribu ndani ya pipa, maji yakiwa yamefunika pampu. Usiiwashe pakavu hata kidogo, impela mpya itaungua hapo hapo. Maji ya kupoza yasipotoka katundu ka nyuma ndani ya nusu dakika, zima. Mara nyingi ni chumvi au nyigu amejenga humo; hapo ndipo waya mwembamba una kazi.

*Boti yangu inaenda vizuri dakika kumi, halafu mashine inazima. Nikingoja kidogo inawaka tena. – Msomaji, Kilifi*

Tazama ule mpira wa kupampia pale inapozima. Ukiwa umenyonywa ukabonyea, tangi halipati hewa kwa kuwa umesahau kufungua skrubu ya mfuniko, au chujio la ndani ya tangi limeziba. Ukiwa umelegea tu, na ukiupampu mashine inafufuka, basi paipu inavuta hewa kwenye maungio au kiwambo cha pampu ya mafuta kimechoka. Anza na mfuniko, ni bure.

*Nguru wananikatia mshipi kila nikirambaza. Niongeze unene? – Msomaji, Mafia*

Hapana, mshipi mnene humtia shaka na meno yake hukata vilevile. Funga waya wa chuma sentimita 30 mbele ya ndoana. Na kama chambo kinarudi nusu, mkia hakuna, ongeza ndoana ya pili huko nyuma. Nguru hupiga mkia kwanza. Chambo cha samaki mzima kivute polepole, noti (maili za baharini kwa saa) 2 hadi 3. Cha bandia kinavumilia 5 au 6.