Vyama arobaini kwenye grafu moja

Msimu wa korosho ukianza, mafaili ya Excel huanza kuzunguka kwenye simu za watu huku kwetu Mtwara: kilo zilizopokelewa ghalani, chama kwa chama, mnada kwa mnada. Nimekuwa nikiwasaidia makarani wa vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima (AMCOS) kuandaa taarifa za mikutano ya wanachama, na ninachokutana nacho mara nyingi ni kilekile. Data zipo, watu wamehangaika kuzikusanya, halafu zote zinatumbukizwa kwenye chati pai, lile duara lililokatwa vipande, yenye vipande arobaini. Mkulima aliyetoka kijijini kuja kusikiliza anaangalia ukutani na haoni chama chake kiko wapi. Hilo linaniuma, kwa sababu kilo zile ni za jasho lake.

Chati pai inafaa vipande viwili, vitatu, labda vinne. Zaidi ya hapo achana nayo. Rangi za msingi za Excel ni sita tu. Ukifika kipande cha saba inaanza kurudia zilezile, zikiwa zimekolezwa au kufifishwa. Kwa vyama arobaini utapata bluu sita au saba zinazofanana, na msomaji atahangaika kupeleka macho kwenye orodha ya rangi pembeni na kuyarudisha. Isitoshe, macho yetu si hodari wa kupima pembe. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walilipima jambo hili kwa majaribio, wakaona watu hulinganisha vizuri zaidi vitu vilivyopangwa kwenye skeli moja kuliko pembe za duara.

Dawa yake ni grafu ya mihimili, tena mihimili ya kulala. Ukiisimamisha, majina marefu hayapati nafasi chini: Excel inayalaza mshazari, kisha inayasimamisha kabisa, na ukumbi mzima unapinda shingo. Ukiilaza, jina la chama linakaa kushoto, linasomeka kama maandishi ya kawaida, na mhimili unaanzia hapohapo. Si jambo jipya. William Playfair, Mskochi aliyechora grafu ya mihimili ya biashara ya Scotland mwaka 1786, alikuwa na nchi na maeneo 17 ya kuonyesha, na mihimili yake aliilaza.

Kabla ya kuchora, safisha majina. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwenye faili moja utakuta "Mahuta", "Mahuta AMCOS", na "Mahuta" nyingine ambayo karani aligusa kitufe cha nafasi mara moja baada ya herufi ya mwisho. Kwa macho ni chama kimoja. Kwa kompyuta ni vitatu, na kila kimoja kitapewa mhimili wake mfupi. Chama kilichopeleka mzigo mkubwa kinaonekana kidogo, na wanachama wake wanaanza kuulizana kilo zimeenda wapi. Fomula ya TRIM inaondoa nafasi za ziada. Kwa tofauti nyingine, panga safu ya majina kwa alfabeti, pitia mstari mmoja mmoja kwa macho yako, kisha chagua tahajia moja na uishike.

Baada ya hapo panga kwa ukubwa. Makarani wengi hupenda kuacha alfabeti kwa kuhofia kuonekana wanapendelea mtu. Nawaelewa, ila alfabeti inafaa jedwali, ambako mtu anatafuta jina lake. Grafu ipo kwa ajili ya kulinganisha, na kwa alfabeti mihimili mirefu na mifupi inachanganyika mpaka hata aliye wa tatu huwezi kumtambua. Kuna usumbufu mmoja wa Excel uujue mapema: kwenye mihimili ya kulala, mstari wa kwanza wa jedwali huchorwa chini kabisa. Bofya mara mbili kwenye majina, tafuta "Categories in reverse order", uweke tiki. Aliye juu kwenye jedwali atakuwa juu kwenye grafu.

Vitu vyenye mpangilio wake wa asili usiviguse. Oktoba inatangulia Novemba, mnada wa kwanza unatangulia wa pili, hata kama wa pili ulikuwa na tani nyingi zaidi.

Sasa urefu. Vyama arobaini haviwezi kukaa kwenye grafu yenye kimo cha kiganja. Excel ikikosa nafasi inaruka baadhi ya majina kimyakimya: mhimili upo, jina halipo. Ivute grafu ishuke ijaze ukurasa mzima wa A4 uliosimama, punguza nafasi kati ya mihimili, na uhesabu majina kabla hujatuma. Rangi iwe moja kwa wote. Kama mkutano ni wa chama cha Kitangari, mhimili wa Kitangari upake rangi iliyokolea na wengine waache kijivu. Mtu akiingia ukumbini amechelewa, ataona alipo kwa kutupa jicho mara moja. Grafu hii haitegemei rangi nyingi, kwa hiyo hata ukiitoa fotokopi nyeusi na nyeupe, au ukiituma WhatsApp kwenye simu ndogo, bado inasomeka.

Wengi hushauri kuwakusanya wadogo kwenye kundi la "Vinginevyo". Kwa taarifa ya bodi nakubali, mradi kundi hilo likae chini kabisa hata likiwa kubwa, maana si chama. Kwa mkutano wa wanachama nakataa. Huwezi kumwita mtu mkutanoni halafu umwambie chama chake ni "vinginevyo". Ukiona orodha imezidi, gawanya kwa halmashauri: Tandahimba grafu yake, Nanyamba yake, Newala Mji yake, na kuendelea. Hakikisha tu skeli ni moja kwa zote. Excel hujipangia kikomo cha juu kwa kila grafu peke yake, hivyo mhimili wa tani 300 kwenye grafu moja unaweza kulingana kwa urefu na wa tani 900 kwenye nyingine. Kikomo hicho kiandike mwenyewe, namba ileile kila mahali.

Njia hiyohiyo ya kugawanya inasaidia unapofuatilia misimu kadhaa. Mistari arobaini iliyopishana kwenye grafu moja haimwambii mtu chochote. Grafu ndogondogo zilizopangwa kando kwa kando, kila chama na mstari wake, zinaonyesha nani anapanda na nani anashuka.

Bei za mnada zinahitaji uangalifu wa pekee. Mara nyingi bei za maghala zinakaribiana sana, zikitofautiana shilingi chache kwa kilo. Thamani zikikaribiana hivyo, Excel inaweza kuanzisha skeli juu ya sifuri bila kukuuliza, na ghala lililopata bei pungufu kidogo likaonekana limepata nusu ya wenzake. Kwenye ukumbi wenye wakulima wanaosubiri malipo, picha ya namna hiyo inazua ugomvi usio na sababu. Mhimili lazima uanzie sifuri, kwa sababu msomaji anapima urefu wake. Ukitaka tofauti hizo ndogo zionekane, tumia nukta badala ya mihimili: nukta inasomwa kwa mahali ilipo, kwa hiyo skeli yake inaweza kuanzia popote, mradi uandike bei yenyewe pembeni ya kila nukta.