Karakana chini ya nyumba: anza na maji

Kaka, umesema nyumba yako ya mteremkoni Mwanza ina uwazi chini, upande mmoja mtu anasimama, mwingine anainama, nawe unataka karakana ya useremala. Inawezekana, ila nakuomba sana: usichimbe kando ya msingi ili upate kimo kabla mhandisi hajaona. Udongo ule ndio unaoushikilia. Upande mfupi hifadhi mbao.

Kabla ya zege, laza nailoni juu ya udongo, kandamiza kingo kwa mawe, iache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake, unyevu unapanda. Mbao zitapinda na randa itashika kutu. Kinga maji kwa mtaro upande wa juu, mbali na msingi, kisha tandika kokoto na nailoni nzito, ndipo umwage zege. Acha matundu ya hewa pande mbili ili vumbi lisijae hewani, maana vumbi la mbao hushika moto.