Kwa Wanaoanza Kupenda Mafumbo: Utafuteni Mfano Unaokataa

Watu wanaoanza kuvutiwa na mafumbo ya hisabati, fizikia na lugha, hasa vijana waliomaliza shule na watu wazima wenye shughuli zao ambao hawana mwalimu wa kuwasimamia, huniuliza mara kwa mara waanzie wapi. Mimi ni mhasibu hapa Kampala, na mafumbo haya nimeyafanya jioni na siku za mapumziko kwa miaka mingi bila kuwa na cheti chochote cha fani hizo. Jibu langu limekuwa lile lile, nalo halihusu kitabu cha kununua wala kozi ya kusoma. Ukishapata maelezo yanayoonekana kulifumbua fumbo lako, usihangaike kutafuta mfano wa nne na wa tano wa kuyaunga mkono, bali tafuta kwa bidii mfano unaoyakataa. Aliyezoea kufanya hivyo husonga mbele, na asiyezoea hubaki akikusanya majibu ya kupendeza ambayo hana njia ya kujua kama ni ya kweli.

Anza na kalamu na karatasi. Chora duara, weka nukta mbili kwenye ukingo wake na uziunganishe kwa mstari ulionyooka. Duara litagawanyika vipande viwili. Weka nukta tatu na uunganishe kila moja na nyingine zote, utapata vipande vinne. Nukta nne zitakupa vipande 8, na nukta tano vipande 16. Karibu kila mtu ninayempa zoezi hili husimama hapo na kutangaza kwamba nukta sita zitatoa vipande 32, kwa kuwa idadi inaongezeka maradufu kila mara. Mchoro wenyewe unatoa vipande 31. Wengi hurudia kuhesabu wakidhani kuna kipande kilichowaponyoka, na wengine hupata 30, kwa sababu wamezipanga nukta kwa umbali ulio sawa hata mistari mitatu ikakutana mahali pamoja katikati ya duara. Ukisogeza nukta moja kidogo tu, pembetatu ndogo inajitokeza pale katikati na hesabu inarudi kuwa 31.

Ile 31 ndiyo inayokufundisha kitu, kwa sababu inakulazimisha kuacha kutazama namba na kuanza kutazama jinsi vipande vinavyozaliwa. Duara tupu ni kipande kimoja. Kila mstari unaouchora unaongeza kipande kimoja, na kila mahali ambapo mistari miwili inakatana ndani ya duara panaongeza kipande kingine. Ili kupata mstari unahitaji kuchagua nukta mbili, na ili kupata mkatano unahitaji kuchagua nukta nne. Kwa nukta tano kuna mistari 10 na mikatano 5, nayo ukiijumlisha na kile kipande cha mwanzo unapata 16. Kwa nukta sita kuna mistari 15 na mikatano 15, jumla 31. Kule kuongezeka maradufu kulikuwa sadfa ya namba ndogo. Nakushauri usiende kwenye fumbo lingine kabla hujaweza kutabiri jibu la nukta saba, ambalo ni 57, kwa hesabu peke yake bila kuchora.

Katika fizikia, sisi tulio Uganda tuna bahati ya kuishi mahali ambapo jua lenyewe ni fumbo, na vifaa vinavyohitajika ni fimbo nyembamba, uzi wenye kijiwe wa kutumika kama timazi, na saa. Simamisha fimbo wima kwenye uwanja tambarare, kisha uchore duara ardhini ambalo katikati yake ni shina la fimbo. Asubuhi kivuli ni kirefu na ncha yake iko nje ya duara. Andika saa ambayo ncha inaingia ndani, na mchana andika saa ambayo inatoka. Katikati ya nyakati hizo mbili ndipo jua lilipofika juu kabisa siku hiyo. Kwa mfano, katikati ya mwezi wa pili, ncha ikiingia saa tano na dakika 10 na kutoka saa nane na dakika 56, adhuhuri ya jua imekuwa saa saba na dakika 3, wala si saa sita kamili kama wengi wanavyotarajia.

Anayeanza hutafuta sababu na huipata upesi. Saa zetu zimefungwa kwenye longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo haipiti Uganda kabisa, ilhali Kampala iko karibu na digrii 32.6. Jua huchukua dakika 4 kwa kila digrii moja, kwa hiyo adhuhuri yetu inapaswa kuchelewa kwa dakika 50 hivi. Maelezo haya ni sahihi, na kwa sababu ni sahihi ndiyo maana yanamtuliza mtu mapema mno. Dakika zile 13 zilizobaki katika mfano wa mwezi wa pili huzisukumia kwenye ubovu wa fimbo au saa yake. Ningekuomba uitunze fimbo yako na urudie kupima mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Utakuta adhuhuri iko karibu saa sita na dakika 33. Mahali ni pale pale, longitudo ni ile ile, urefu wa mchana wetu ulio karibu na ikweta haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana, na bado pana tofauti ya nusu saa kati ya vipimo viwili. Fimbo iliyopinda haiwezi kuleta tofauti kubwa namna hiyo. Hata anayetoka nyumbani alfajiri anaweza kuiona tofauti hii bila kupima chochote, kwa kuwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja jua huchomoza Kampala karibu saa kumi na mbili na nusu, na katikati ya mwezi wa pili huchomoza karibu saa moja kamili.

Sababu ziko mbili, na zinafanya kazi kwa pamoja. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili bali ni duaradufu, hivyo mwendo wa dunia huongezeka kasi inapokuwa karibu na jua na kupungua inapokuwa mbali nalo. Pili, mhimili wa dunia umeinama, na mwinamo huo huifanya safari ya jua angani kuelekea mashariki kwa mwaka mzima isiwe na kasi moja. Saa ya mkononi haijui lolote kati ya hayo, kwa kuwa huhesabu siku zote kama zinalingana. Fimbo hiyo hiyo itakuonyesha jambo jingine ambalo wakazi wengi wa ikweta hawajalitazama: mwishoni mwa mwezi wa sita, fimbo ya mita moja hapa Kampala huwa na kivuli cha zaidi ya sentimita 40 wakati wa adhuhuri, nacho huelekea kusini, hali mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili huelekea kaskazini. Wazo kwamba jua liko utosini mwetu kila siku linakataliwa na kivuli cha fimbo.

Kuhusu yale maji yanayozungushwa kwenye mabeseni pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, ili kuwaonyesha wageni kwamba upande huu wa ikweta yanazunguka hivi na upande ule yanazunguka vile, nitasema machache. Mwaka 1962 mtafiti Ascher Shapiro wa Marekani aliweza kuonyesha athari ya mzunguko wa dunia kwenye maji yanayotoka tangini, lakini alitumia tangi lenye upana wa karibu mita 1.8 na kuyaacha maji yatulie kwa saa 24, tena katika latitudo iliyo mbali na ikweta. Hatua chache kutoka kwenye mstari, katika beseni lililomiminiwa maji sasa hivi, mkono wa anayemimina una nguvu kuliko dunia. Omba kwa heshima yamiminwe kutokea upande mwingine wa beseni, kisha utazame.

Katika lugha, mwenye Kiswahili na Kiganda tayari ana maabara nyumbani. Kiswahili kina kucheka, Kiganda kina okuseka. Macho ni amaaso, nchi ni ensi, kuchimba ni okusima. Baada ya jozi hizo nne mtu huandika kanuni yake: penye ch ya Kiswahili pana s ya Kiganda. Ni kanuni ya kweli, na furaha ya kuigundua mwenyewe ni kubwa. Sasa itafutie pingamizi. Chuma kwa Kiganda ni ekyuma, wala si esuma. Ukiliweka neno hili katika wingi utapata vyuma na ebyuma, kama vile kitu na ekintu zinavyotoa vitu na ebintu, na papo hapo unaona kwamba ch ya chuma ni kiambishi ki- kilichokutana na vokali, na asili yake ni tofauti na ile ya kucheka. Kisha kuna chai, ambayo Waganda huiita caayi, na chapati wanayoiita capati. Haya ni maneno yaliyoingia baadaye kama wageni, na hayakuwahi kupitia mabadiliko yaliyozitenganisha lugha hizi mbili. Kwa hiyo kanuni haijavunjika. Imekuwa na mipaka, na mipaka hiyo imekuambia historia ambayo zile jozi nne za mwanzo zisingekuambia kamwe.

Fanya jaribio moja zaidi ambalo wanaoanza hulisahau. Chukua orodha yako ya maneno na uilinganishe na Kiacholi, ambako jicho ni wang na kucheka ni nyero. Hutapata mpangilio wowote, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu Kiacholi si lugha ya Kibantu kama zilivyo Kiswahili na Kiganda. Mbinu inayokuta undugu kila inapoelekezwa haifai kitu, hata kama majibu yake yanasisimua.

Aliyenifunza zaidi kuhusu jambo hili ni Michael Ventris, Mwingereza aliyekuwa msanifu majengo na si mtaalamu wa lugha kwa kazi yake. Kwa miaka mingi alihangaika na mwandiko wa kale uitwao Linear B, ulioachwa kwenye vibao vya udongo huko Krete na Ugiriki, akiamini kwamba lugha yake ilihusiana na Kietruski, lugha ya kale ya Italia. Akijengea juu ya kazi makini ya Alice Kober, mtafiti wa Marekani ambaye alikuwa ameonyesha jinsi miisho ya maneno inavyobadilika kwa utaratibu, Ventris aliona alama zake zikianza kutoa Kigiriki, lugha ambayo hakuitarajia. Mwaka 1952 aliiacha imani yake ya muda mrefu na kutangaza kwamba ni Kigiriki. Mwaka 1953 akaletewa habari za kibao kutoka Pylos, huko Ugiriki, ambacho hakukitumia katika kazi yake, chenye michoro ya vyombo vya mishikio mitatu, minne, na visivyo na mshikio kabisa, na maneno yaliyo kando ya michoro yalisomeka hivyo hivyo kwa sauti alizozipa alama. Hakuna uthibitisho bora kwa mtu wa mafumbo kuliko ushahidi mpya ambao ungeweza kumkataa lakini haukumkataa.

Jambo moja la tahadhari. Kuna maswali ambayo bado hayana jibu na kuna mengine ambayo yameshajibiwa kwamba haiwezekani, nayo usiyachanganye. Kugawanya pembe yoyote katika sehemu tatu sawa kwa bikari na rula isiyo na vipimo kulithibitishwa na mwanahisabati Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837 kuwa hakuwezekani, na bado kila kizazi kina watu wanaopoteza miaka yao huko. Soma uthibitisho huo kwanza, uuelewe, ndipo uamue kama una la kuongeza.

Na ikiwa siku moja utafikia kitu ambacho huna uwezo wa kukipima zaidi peke yako, mwandikie mtaalamu. David Smith, mstaafu wa Uingereza ambaye hakuwa mwanahisabati, alikata kwa karatasi umbo lenye pande 13 mwaka 2022, akaona kwamba nakala zake zikipangwa pamoja zinajaza nafasi bila pengo na bila mpangilio wake kujirudia, na akampelekea umbo hilo Craig Kaplan wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada. Mwaka uliofuata wao na wenzao wawili wakatoa uthibitisho. Barua yako iwe ya ukurasa mmoja. Eleza swali lako, ulichokipima, na namna ulivyokipima kiasi kwamba mwingine anaweza kurudia, kisha utaje waziwazi mifano yote uliyoitumia kujaribu kuliangusha wazo lako na kilichotokea kwa kila mmoja. Mtaalamu ataanza kusoma hapo.