Disjonktere inaanguka kila nikiweka resho

SWALI: Jambo papa fundi. Niko Majengo hapa Goma, nyumba yetu ni ya mbao, vyumba viwili na saloni. Kila nikiwasha resho, jiko la umeme, na bwana anapiga pasi, disjonktere, ile swichi inayojikata yenyewe, inaanguka, nyumba yote giza. Juu yake imeandikwa 10. Fundi mmoja anasema tununue ya 32 tutapumzika. Tufanye vile? – Mama wa Majengo

JIBU: Mama, hapana, nakuomba musiiguse. Hiyo disjonktere haina ubaya, inachunga waya zenu zisiungue. Tuhesabu: resho ya wati 2000 kwa volti 220 inakula ampeya 9, pasi ya wati 1200 inaongeza 5 na nusu, tayari uko juu ya ampeya 14, na ile 10 ya disjonktere yenu ni ampeya, na friji hatujaigusa. Sasa nyumba nyingi za mbao huku wamevuta waya nyembamba ya 1.5 (unene wa milimita mraba) kila mahali juu ndiyo ya bei chini, ukiweka 32 hiyo waya itapitisha hata 25, itachemka ndani ya ukuta, plastiki itayeyuka na disjonktere haitaanguka. Na mbao ikishika moto, na vile tumebanana, haitakuwa nyumba yako peke yake.

Dawa ni kutenganisha laini. Ampuli zibaki na 1.5 na ile disjonktere ya 10. Prizi zivutiwe 2.5 na disjonktere ya 16, na resho ipate 2.5 yake peke yake kutoka kwenye kofre, nayo na 16 yake. Waya zipite ndani ya tibe, na pale zinaungana muweke domino, kile kiungo cha kukaza na vis, ndani ya bwate, siyo kusokota na kufunga skochi, skochi ikipata joto inalegea na moto mara nyingi unaanzia palepale.

Halafu tere, waya inayopeleka umeme uliotoroka ndani ya udongo, hii watu wa Goma tunaidharau sana. Tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, nondo ya tere haiingii, wengine wanaikata wanafukia kipande, na lava kavu haipitishi umeme vizuri. Afadhali muchimbe mfereji mrefu, mulaze waya ya shaba isiyo na ganda, mujaze udongo mweusi muumwagie maji, na kwenye kofre muweke diferansieli ya miliampeya 30, hiyo inakata haraka mutu akishikwa hata kama tere ni zaifu.

Mpaka laini mpya zivutwe, bwana apige pasi resho ikiwa imezimwa. Prizi ikinuka plastiki, kata umeme wote kwanza ndipo uite fundi.