Mbona msimamo mkali wa dini hauishi?

SWALI: Mhariri, tuliambiwa watu wakisoma na sayansi ikikua dini itapoa, sasa mbona wenye msimamo mkali ndo wanazidi, tena wengine wana digrii kabisa?

JIBU: Hata Peter Berger, mwanasosholojia aliyetabiri dini itafifia, alikuja kugeuza kauli miaka ya 1990. Mwanasosholojia mwingine, Anthony Giddens, yeye anauhusisha msimamo mkali na utandawazi: zamani mtu alirithi majibu, nani amuoe nani, mke akae vipi, leo kila kitu uchague mwenyewe na ukiulizwa ujieleze, sasa uhuru huo wengine unawachosha, akitokea mtu na jibu moja lisilojadiliwa anapata wafuasi chapchap. Naye Steve Bruce, mwanasosholojia pia, anasema dini zenye Mungu mmoja na kitabu kimoja ndo rahisi zaidi kufika huko.

Ila mi naona wenye digrii tuwatazame kisiasa zaidi. Jeff Haynes, msomi wa dini na siasa, kaligusia hilo, wakubwa waliahidi maendeleo, hayakuja. Kijana kasoma, ajira hakuna, anaona wanaiba mchana kweupe, na msikitini au kanisani ndo pekee anaposikilizwa. Mapinduzi ya Iran 1979, yaliyoweka viongozi wa dini madarakani, wanafunzi wa vyuo si walikuwa mstari wa mbele?