Mbona Hakuna Kilichotokea?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, ila wa riwaya za upelelezi. Rafiki yangu kanisifia fasihi ya Asia, kisha akaniazima Yukiguni, yaani Nchi ya Theluji, ya Mjapani Yasunari Kawabata. Nimeimaliza kwa kujilazimisha. Bwana mmoja anapanda treni, anakwenda kwenye chemchemi za maji moto, anaonana na geisha (mwanamke wa kuburudisha wageni kwa muziki na ngoma), anarudi kwake, anakuja tena. Basi! Kosa ni langu au la kitabu? Na China nianzie wapi, maana hata majina yananichanganya?
Msomaji Mchovu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa ni la rafiki yako. Mtu aliyezoea kumsaka muuaji haanzishwi na Yukiguni.

Kawabata aliitoa vipande vipande katika majarida mbalimbali kuanzia 1935, akawa anairudia na kuiongeza hadi 1948. Ukiifukuzia kwa hamu ya kujua kitakachofuata, utaambulia theluji. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliitupa chini ya kitanda. Kilichonirudisha ni jambo dogo: yule geisha, Komako, ana madaftari anamoandika kila riwaya aliyosoma, jina la mwandishi, wahusika na uhusiano wao. Shimamura, yule bwana wa treni, anamwambia hiyo ni kazi bure. Rudi usome ukurasa huo peke yake, uone anayesema maneno hayo ni mtu wa namna gani. Kisa chote kimo humo.

Ukiona bado, mwache Kawabata wa riwaya umtafute wa hadithi za kiganja. Aliandika zaidi ya mia moja, nyingine za kurasa mbili tu. Ikikuchosha, hasara ni dakika tano.

China sasa. Usifanye nilivyofanya mimi, kuivamia riwaya ya Cao Xueqin, Ndoto ya Chumba Chekundu, sura 120 na wahusika mamia. Nilizama sura ya tano. Nilipoirudia nilimwiga Komako, nikafungua daftari la majina. Kumbuka kwamba jina la ukoo hutangulia: Jia Baoyu ni Baoyu wa ukoo wa Jia, na akina Jia humo ni wengi kama siafu.

Wewe anza na Lu Xun, hadithi yake Kong Yiji ya 1919. Ni kurasa chache. Msimulizi anakumbuka utoto wake, alipokuwa akipasha mvinyo katika kilabu cha pombe, na mteja mmoja, msomi aliyefeli mitihani, anayechekwa na kila mtu. Siku moja haonekani tena, na mwenye kilabu anachokumbuka ni deni lake la sarafu kumi na tisa. Hapo hutaniuliza mbona hakuna kilichotokea.

Na kama roho yako inataka kisa kinachokusukuma, hamia Indonesia kwa Pramoedya Ananta Toer. Riwaya yake Bumi Manusia aliwasimulia kwanza wafungwa wenzake kisiwani Buru, kwa mdomo, kabla ya kupata ruhusa ya kuandika. Ilitoka 1980, mwaka uliofuata serikali ikaipiga marufuku. Hiyo usiianze usiku kama asubuhi una kazi.

Yukiguni mrudishie mwenyewe, lakini mwulize kama yeye aliimaliza.