Ndege nyuki haina mwiba

Swali la wiki lilikuwa fupi: tembo mwenye ngozi nene kiasi kile, kwa nini anakimbia ndege nyuki, yaani droni, kidude cha plastiki kisichouma? Najua wengi mtajibu "kelele." Mimi nimekulia kijiji kimoja cha Bunda, upande wa Pori la Akiba la Grumeti, na tangu utoto nimepiga madebe juu ya dungu kila mahindi yanapokaribia kukomaa. Kelele nazijua. Tembo aliyeyazoea madebe hukusikiliza mpaka mkono uchoke, kisha anaendelea kula.

Nianze na punda. Punda wa baba mdogo alifungwa chini ya mgunga wenye mzinga, mtoto mmoja akarusha jiwe (sasa ni mtu mzima mwenye heshima zake, simtaji). Nyuki walimvamia machoni, puani na ndani ya masikio. Alipona, ila uso ulivimba mpaka jicho moja likafunikwa kwa siku tatu. Mzinga tukauondoa. Pamoja na hayo, mwaka mzima punda yule akikaribia mgunga alikuwa anasimama. Umpige, umbembeleze, hapiti.

Kisha ikaja harusi ya jirani, na mpiga picha akaja na ndege nyuki. Ilipoanza kuvuma juu ya uwanja, mbuzi waliinua vichwa, wakatazama, wakarudi kwenye maganda yao ya viazi. Punda alikata kamba, akapita katikati ya viti vya wageni, tukamwona tena jioni. Mlio ulikuwa uleule, lakini mbuzi hawakuwa na kesi na nyuki.

Tembo, naona, wako upande wa punda. Ngozi yao ni nene, lakini si kila mahali: kuzunguka macho, nyuma ya masikio, mdomoni na ndani ya mkonga nyuki anapenya. Mwaka 2007 watafiti Lucy King, Iain Douglas-Hamilton na Fritz Vollrath walichapisha jaribio walilofanya kaskazini mwa Kenya. Waliweka spika karibu na familia za tembo waliopumzika kivulini, wakawapigia sauti ya nyuki waliochokozwa. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Walipopigiwa mvumo mtupu usio wa nyuki, wengi hawakuhama. Kwa hiyo si kila kelele inayowahamisha.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja miaka mitatu baadaye. Ilionekana kwamba tembo wakisikia nyuki hutoa mngurumo wa chini wa namna yake, na mngurumo huo ukirekodiwa na kupigiwa tembo wengine, nao wanaondoka bila kusikia nyuki hata mmoja. Wakisikia sauti za watu wa kuwaogopa wanakimbia pia, lakini kwa nyuki wanaongeza kutikisa kichwa, kama mtu anayefukuza kitu usoni. Ina maana ndama ambaye hajawahi kuumwa anaweza kumjua nyuki kupitia kwa mama yake. Sisi tunaambiwa fuata nyuki ule asali. Ndama anafundishwa kinyume.

Sasa ndege nyuki. Jina tumeipa wenyewe, na limekaa: mabawa ya nyuki hupiga mara zaidi ya 200 kwa sekunde, na panga za droni ndogo huvuma karibu na hapo. Kando ya Tarangire na Serengeti askari wa wanyamapori wamezitumia kuwarudisha tembo hifadhini, na utafiti wa kazi hiyo ulichapishwa 2017 ukieleza kwamba zinasaidia. Nami nimeona. Usiku wa kwanza askari hao walipokuja kwetu, jike kiongozi alitikisa kichwa, akarusha vumbi, ndama wakaingia katikati ya miguu ya wakubwa, na familia nzima ikateremka mtoni kabla betri haijafika nusu. Tulishangilia kama timu imefunga bao.

Wiki ya nne alikuja dume mmoja peke yake. Taa za ndege nyuki zilimzunguka, vumbi likaruka, naye akanyanyua mkonga juu, akanusa, akanusa tena. Nafikiri alikuwa anatafuta harufu. Nyuki akichoma huacha harufu inayoita wenzake, na huko eneo la hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, harufu hiyo peke yake, bila nyuki, ilitosha kuwafanya tembo wengi warudi nyuma taratibu. Yule wetu hakunusa kitu. Akavunja bua lingine. Baada ya dakika ishirini na kitu betri ikaisha, ndege nyuki ikashuka, yeye akabaki.

Sisemi kila mnyama asiyekimbia ametulia. Kule Minnesota, Marekani, dubu weusi walivalishwa kola za kufuatilia mwendo na kuwekewa vipima moyo, kisha droni zikarushwa juu yao. Kwa macho hukuona kitu, mara nyingi dubu hawakusogea. Lakini mmoja moyo wake ulipanda kutoka mapigo 41 kwa dakika hadi 162. Wapiga picha za harusi na za watalii wangelijua hili wasingekuwa wanashusha vile vitu kichwani mwa kila ng'ombe.

Kwa dume wetu, hata hivyo, ushahidi ulikuwa mahindi.

Ndiyo maana mimi nasimama na uzio wa mizinga, kama ule wa Sagalla karibu na Tsavo, Kenya. Mizinga huning'inizwa kila baada ya mita 10, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wenyewe wanatoka. Kinachonifurahisha ni kwamba kati ya mzinga na mzinga huwekwa wa bandia, kipande cha mbao tu. Danganya toto, lakini inafanya kazi kwa sababu jirani yake ni wa kweli. Ndege nyuki haina jirani wa namna hiyo. Uzio nao una taabu zake: ukame ukikaza nyuki wanahama, na usiku wa baridi hawapendi kutoka, wakati tembo wanapenda usiku.

Baba mdogo ametundika mizinga 12 upande wa mtoni. Mpaka leo mitatu imeingia nyuki, na dume yule bado hajapita upande huo. Punda tumemhamishia kwa shangazi.